Aje Alivyo

Mwanangu Bhoke,

Umetoka sasa hivi na mwavuli wangu kwenda kwa fundi kuchukua suti yako, na kwa mvua hii inavyoipiga Tarime najua hutarudi mapema. Nimefunga kibanda changu cha sokoni kabla ya saa tisa. Maharage na dagaa havitakimbia. Nimekaa mezani na daftari lako la zamani la jiografia, lile ambalo kurasa za nyuma hukuziandika, nami nimechoka, mwanangu, uchovu ambao hata nikilala hauondoki. Basi naona niandike, maana kesho saa kumi na mbili asubuhi basi litakuwa limekuchukua kwenda Dodoma, na mimi kusema kwa mdomo nimeshindwa wiki mbili zote hizi.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala kuficha nauli kwenye soksi, wala wanaume wa mjini. Hayo shangazi yako amekuimbia mpaka kuku wa hapa nyumbani wameyajua. Nataka kukueleza kwa nini nilikataa kwenda na wewe kwa fundi. Na nataka kukueleza juu ya yale uliyoyasema kanisani Jumapili. Utaona mwenyewe kwamba ni jambo moja.

Siku ile ulipokuja na kile kipande cha kitambaa, ulikuwa umekishika kwa mikono miwili. Ukasema, "Mama, ona, damu ya mzee. Unaonaje? Twende wote kwa fundi nikapimwe." Na mimi nikasema, "Suti ya nini? Unakwenda kazini au unakwenda kuhubiri?" Ulikikunja polepole, ukakirudisha kwenye mfuko, ukasema, "Sawa mama." Tangu hapo umekuwa ukinijibu "sawa mama" kwa kila kitu, hata nilipokuuliza unataka ugali au wali. Najua ulichofikiri. Ulifikiri mama yako, muuza dagaa, anakuonea kijicho kwa sababu wewe umesoma na umepata kazi ya ofisini. Si hivyo hata kidogo. Mimi mwenyewe nilishonesha suti nikiwa mdogo kuliko wewe, na ilikuwa rangi hiyo hiyo.

Halafu Jumapili mchungaji akakuita mbele uombewe safari. Ukashika kipaza sauti ukasema, "Mimi nataka niwe kama mama yangu. Mama aliacha shughuli zake zote machimboni akaenda kumshika baba yake mkono mpaka akakata roho." Watu wakasema amina. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akanigusa bega. Mimi nilikuwa naangalia sakafu, na nilijua hapo hapo kwamba siwezi kukuacha uondoke na hayo maneno mdomoni.

Sikumshika mkono, Bhoke. Sikuwepo.

Sasa nikueleze, na unisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Ulikuwa wakati wa dhahabu, kabla kampuni haijaja kuweka uzio. Watu walikuwa wanaingia Nyamongo kutoka kila upande, Wasukuma, Wajaluo, Wakisii wa ng'ambo, kila mtu na sururu yake na ndoto yake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, niko nyumbani Busawe, na baba yangu alikuwa amepokea wageni waliokuja kuzungumzia mahari. Mwanaume mwenyewe nilimwona mara moja. Alikuwa na meno mazuri na maneno machache, na huenda angenifaa, lakini hakuna aliyeniuliza. Nilisubiri mtu aniulize kwa siku nne. Siku ya tano nikaamka alfajiri, nikachukua ndoo kama ninakwenda kuteka maji, ndoo nikaiacha mtoni, nikaendelea na njia. Sikumuaga baba wala mama.

Machimboni nilipika. Uji asubuhi, ugali mchana, na katikati ya hapo tulikaa wanawake tukiponda mawe kwa vyuma mpaka yawe unga, ili wenye mashimo wakaoshe watafute dhahabu yao. Vumbi la mawe lilikaa kwenye nywele na kwenye kope. Miaka miwili nilifanya hivyo. Nyumbani ni kuvuka Mto Mara tu na mwendo wa siku moja kwa miguu, ukiamka mapema. Sikwenda, na sikupeleka hata salamu. Kila mwezi nilijiambia nitakwenda nikiwa na kitu cha kuonyesha, na kila mwezi kitu chenyewe kiliishia tumboni.

Siku moja vijana waliokuwa wanakula kwangu shimo lao likatoa, wakanigawia nusu kiroba cha mawe. Walikuwa wanafanya hivyo mara kwa mara, na mara nyingi mawe yale yalikuwa mawe tu. Safari ile yalikuwa na dhahabu. Si ya kutajirika, usinifikirie hivyo, lakini ilikuwa yangu na ilikuwa ya halali. Wenzangu wakaniambia nunua mabati, nunua redio, nunua ng'ombe umweke kwa mjomba wako. Mimi nikasema nataka suti. Walicheka mpaka mmoja akamwaga uji.

Nikwambie hamu ya suti ilitoka wapi. Kulikuwa na mama mmoja afisa alikuja machimboni siku moja kuhimiza watu wachimbe vyoo, wakati wa kipindupindu. Alikuwa amevaa koti na sketi ya kitambaa kimoja. Wale wanaume waliokuwa wakituita sisi "wewe" na "nyie wapishi" walivua kofia. Wazee wazima wenye mvi walisema "karibu mama, keti mama." Alikuwa kijana, pengine kunizidi miaka mitano tu. Nilisimama na mwiko wangu nikamtazama mpaka alipopanda gari. Sikutaka kazi yake, sikutaka gari lake. Nilitaka niingie mahali na mtu asiniite "wewe."

Fundi nilimpata hapa hapa Tarime, barazani mwa duka la vitambaa. Alikuwa anaitwa Ouma, kwao Isebania, na watu walisema koti lake ukilivaa hata mkopeshaji hakutambui. Nikamwambia nataka suti.

"Suti ya suruali ama ya sketi, madam?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniita madam. Nikasema ya sketi.

"Na koti tuiweke bitana?"

"Bitana ni nini?"

Alicheka, lakini si kwa dharau. Akafungua koti moja lililokuwa limetundikwa, akanionyesha kile kitambaa laini cha ndani. "Hii ndiyo inafanya koti ikae. Watu hawaioni, wewe ndiye unaiskia." Akachukua futi yake, imechakaa mpaka namba za mwanzo zimefutika, akanipima kifua, kiuno, urefu wa mkono, akiandika kwa chaki kwenye meza ya cherehani. Alipofika mabegani akasimama. Akapima tena.

"Madam, bega yako ya kulia imeshuka. Umekuwa ukibeba nini?"

"Maji. Kuni. Mawe."

"Hakuna shida. Nitaweka pedi upande huo, zote zitakaa sawa. Hakuna mtu atajua."

Nilifurahi sana kusikia hivyo. Akaniambia nirudi baada ya wiki kujaribu, kisha nitarudi tena mara ya pili, kwa sababu kwake koti haliendi nyumbani na mtu kama halijavaliwa mara mbili. Mara ya kwanza limeshikizwa kwa uzi tu, unaweza kulifumua. Mara ya pili ndiyo anafunga kazi. Nikarudi machimboni naimba. Nikaenda mara ya kwanza, nikajaribu, sindano zikanichoma, nikaona ni utamu mtupu.

Siku mbili baada ya hapo akaja Masanja. Huyu alikuwa Msukuma mchuuzi wa dagaa aliyekuwa anakula kwangu, anazunguka vijijini na baiskeli, anavuka mto, anafika mpaka Busawe. Alinikuta nakoleza moto.

"Rhobi, nimetoka kwenu. Mzee anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Kifua. Amelala chini kabisa. Kanituma. Kasema, mwambie Rhobi aje alivyo."

"Kasema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Kanishika na shati. Aje alivyo."

Sasa hapa, mwanangu, soma polepole. Baba yangu alikuwa mtu wa Kingoreme. Kiswahili alikuwa nacho cha kuulizia bei ya ng'ombe na kuomba njia, basi. Kwa kuwa Masanja hakujua lugha yetu, mzee alilazimika kutafuta Kiswahili cha kumtuma. Na mimi niliyesoma mpaka darasa la saba, niliyekuwa naishi na watu wa kila kabila nikijiona mjuzi wa Kiswahili, nikayapokea maneno yale nikayageuza. Nilisikia: aje nimwone alivyo. Aje tumwone huyo aliyetukimbia, amekuwa nani. Nilisikia kwamba ninaitwa kukaguliwa.

Nikajitazama. Gauni lilikuwa na matundu ya cheche za moto. Miguu imepasuka. Vidole vya mkono wa kulia viwili havikuwa na kucha, chuma cha kupondea kilizichukua. Nikasema moyoni, hapana, hataniona hivi. Wala sikukaa kufikiri. Nyumbani kulikuwa upande wa mto, mwendo wa siku moja. Mimi nikapanda lori kwenda upande wa pili, kuja Tarime, kuchukua suti.

Fundi Ouma alinishangaa. "Nilikwambia wiki ijayo. Hata mikono sijafunga."

Nikamwambia naihitaji sasa, baba yangu ni mgonjwa, ananiita.

Aliacha kukanyaga cherehani. "Sasa si uende umwone mzee kwanza? Koti haiozi."

"Siwezi kwenda hivi."

"Hivi ni vipi?"

Alinitazama kidogo, kutoka kichwani mpaka kwenye ndara, kama mtu anayetafuta hicho ninachokisema na hakioni. Kisha akasema, "Haya madam," akatoa kazi ya mtu mwingine mezani akaweka yangu. Maskini, alishona kwa bidii. Siku tatu. Nilikaa barazani pake siku tatu nikimkabidhi vifungo. Kila saa ya siku hizo ningeweza kuinuka, Bhoke, na lori la kurudi lilikuwa linapita mbele yangu asubuhi na mchana. Nilikuwa naliona.

Siku ya tatu nikajaribu mara ya pili. Kwenye lile duka walikuwa na kioo kirefu, na mimi nilikuwa sijawahi kujiona mzima kuanzia juu mpaka chini. Sitakudanganya, leo si siku ya kudanganya. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Mabega yalikuwa sawa. Yule dada kwenye kioo angeweza kuingia popote. Fundi alizunguka akinivuta pindo, akasema, "Sasa hata waziri ataamka akupishe." Ile furaha ndiyo nimeshindwa kuisamehe miaka yote, kuliko kitu kingine chochote.

Nikasafiri nimejifunga kanga juu ya suti isiingie vumbi. Kwenye mtumbwi wa kuvukia Mto Mara nilisimama njia nzima, nisikalie unyevu, mpaka mwenye mtumbwi akanigombeza kwamba nitawazamisha watu. Ng'ambo nikavua kanga, nikajipangusa viatu kwa majani, nikaenda. Njiani watoto wakaniona, wakakimbia mbele yangu wakipiga kelele, "Mama wa serikali! Mama wa serikali anakuja!" Nilitembea nyuma yao nimeinua kichwa. Nilipokaribia boma letu ndipo nikasikia vilio.

Alikuwa amefariki jana yake jioni. Wanaume walikuwa wanachimba kaburi. Wanawake waliponiona wakaacha kulia, wote kwa pamoja, wakanitazama. Natamani wangenitukana. Shangazi zangu, majirani, wote wamekaa chini na matambara yao ya msiba, na mimi nimesimama katikati ya uwanja na suti ya damu ya mzee, vifungo vinang'aa.

Mama yangu, bibi yako, akatoka ndani. Alinitazama kuanzia viatu. Akafungua kanga yake ya kiunoni, akanifunga juu ya sketi, akakaza fundo kwa nguvu mpaka nikasikia maumivu. Kisha akageukia watu akasema kwa sauti, "Rhobi alifika juzi usiku. Alimshika baba yake mkono, wakaongea. Nikamtuma mwenyewe Tarime akatafute nguo ya kumzika, ndiye huyu anarudi." Nilikuwa hata sanda sijabeba. Hakuna aliyeuliza. Wakaanza kulia tena, na mmoja wao akasema, kweli mtoto ni wa kike.

Na mimi nikanyamaza. Wakanisifu, nikanyamaza. Wakanipa kiti karibu na kaburi, nikakaa. Baadaye nilipoolewa nikaja Tarime, baba yako, Mungu amrehemu, akaisikia hiyo habari kwa wakwe zake akaipenda, akawasimulia ninyi mkiwa wadogo, na mimi niko jikoni nasikia, nanyamaza. Mwisho ikawa kama nguo niliyozoea kuivaa. Bibi yako alidanganya mara moja, mimi nimedanganya kila mwaka.

Matanga yalipokwisha nikamuuliza mama, baba alitaka nini? Akaniambia. Uvumi ulikuwa umefika Busawe kwamba nimepata mimba kwa mchimbaji na naona aibu kurudi. Haikuwa kweli, lakini ulifika. Baba akasema kwa lugha yake, kama ana tumbo aje na tumbo lake, kama ana mtoto aje na mtoto, kama hana kitu aje bila kitu. Wakamwambia, huyu Msukuma hakuelewi. Akatafuta Kiswahili chake kichwani, akapata hayo maneno mawili. Wale wageni wa mahari alikuwa ameshawarudisha kwao na ng'ombe wao, mwaka mzima kabla, na hakuna mtu aliyenipa habari kwa sababu mimi mwenyewe sikuulizia za nyumbani.

Ungefikiri mtu akishafundishwa hivyo atakoma. Mimi sikukoma. Unakumbuka siku ya wazazi ulipokuwa kidato cha pili, nilifika watu wameshatawanyika, nikakukuta umekaa kwenye ngazi peke yako? Nilikwambia gari liliharibika njiani. Gari halikuharibika. Nilikuwa saluni. Nilikuwa nimesikia mama za wenzako ni walimu na manesi, nikasema sitakwenda na nywele hizi. Ulinipokea vizuri tu, ukanionyesha kitanda chako, hukulalamika. Hiyo ilinifanya nijisikie vibaya zaidi. Mimi siyo mwepesi wa kujifunza, Bhoke. Nafundishwa jambo moja mara tatu, mara nne, na bado najikuta mbele ya kioo.

Kwa hiyo uliponiletea kile kitambaa, nilimwona yule dada wa kwenye kioo anaingia mlangoni na kukushika mkono. Nikaogopa. Badala ya kusema naogopa, nikakukejeli. Hiyo nayo ni tabia yangu, unaijua. Nisamehe.

Lakini usije ukaelewa kwamba suti ni mbaya. Suti haikufanya kosa lolote. Yangu nilimpa binamu yangu wa Isebania, akaivaa kanisani mpaka viwiko vikatoboka, na ilimkaa kuliko mimi. Yako ivae. Umeifanyia kazi kwa kichwa chako, na ukiingia ofisini watu wakuite kwa jina lako na cheo chako, mimi nitafurahi huku niliko. Ukisimama mbele ya kioo leo, cheka. Nimejuta kwa miaka mingi kwamba furaha yangu na kifo cha baba vilikaa siku zinazofuatana, lakini furaha yenyewe sasa naona ilikuwa ya binti wa miaka ishirini na moja tu, aliyeponda mawe miaka miwili. Ningekuwa mama yake ningemwonea huruma. Ninachokuomba ni kwamba nyumbani kusiwe mahali pa kujipangia. Ukifukuzwa kazi, njoo. Ukiwa na tumbo, njoo nalo. Ukiwa umekonda, ukiwa umekosa, ukiwa na ndara mguu mmoja, panda gari linaloelekea huku. Na mimi nitajitahidi nisikuulize kitu mpaka umekula, ingawa unanijua mdomo wangu.

Sasa nimalizie, maana mvua imepungua na nahofia utanikuta naandika.

Juzi Jumanne nilikwambia nakwenda Serengeti kufuata maharage. Maharage nilileta, ndiyo, lakini nilikwenda Busawe kwa bibi yako. Nilitaka ruhusa. Uongo ule aliuanza yeye, na ni mzee sasa, sikutaka kumvua nguo mbele ya wajukuu bila kumuuliza. Nilimkuta amekaa nje anapepeta ulezi. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa chini, nikamwambia, "Mama, Bhoke anaondoka. Nataka kumwambia ukweli kwamba sikumkuta baba. Kwamba ulinifichia aibu."

Aliendelea kupepeta. Nikafikiri hakusikia, masikio yake siku hizi ni ya kubahatisha. Kisha akaweka ungo chini.

"Nani alikwambia nilikufichia aibu?"

"Si ulisema nilifika juzi yake usiku, nikamshika mkono?"

"Nilisema."

"Na sikufika."

"Hukufika," akasema. "Lakini yeye alikufa anajua umefika."

Nikamwambia sielewi. Akanieleza, na nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza kitu. Usiku ule macho ya baba yalikuwa hayaoni tena. Alinyoosha mkono upande wa mlango akauliza, "Rhobi, umefika?" Mama akatazama mlangoni, hapakuwa na mtu. Akauliza tena, "Rhobi?" Mama akampa mkono wake mwenyewe. Akaitika.

"Uliitika ukasemaje?"

"Nilisema, nimefika baba."

Alikishika kile kiganja cha mama, akakipapasa, kiganja cha mwanamke aliyelima maisha yake yote. Akacheka kidogo. Akasema, "Mikono imekuwa migumu. Basi hukukaa bure huko." Akakishikilia mpaka siku ya pili jioni.

Nilimuuliza kwa nini hakunieleza miaka yote hii. Akasema, "Ungelia. Na ulikuwa na watoto wa kulea." Akachukua ungo wake akaendelea. Nililia kweli, mwanangu, nikiwa pale pale chini, mtu mzima na mvi zangu, na yeye akaniacha nilie.

Sasa unajua. Bibi yako aliitika kwa jina langu, akamzika mumewe na siri hiyo, na baba yangu alikwenda kwa amani ambayo si mimi niliyempa. Ukirudi kusema kanisani siku nyingine, mtaje yeye.

Kesho nitakupeleka stendi na nitakubebea begi hata ukikataa. Nenda, Bhoke. Fanya kazi yao vizuri. Na siku nitakayokuita mimi, sitaki mtu mwingine akuitikie.

Mama yako,
Rhobi